Jibu la mtaalamu: Panya wangu wanafia ndani ya MRI, na picha zinatikisika

Swali: Shikamoo daktari. Nasoma shahada ya uzamili hapa Dar es Salaam. Natafiti uharibifu wa ubongo unaofuata degedege la muda mrefu, kwa panya wakubwa wa maabara, kila mmoja ana robo kilo hivi. Hospitali moja imenikubalia kutumia MRI yake (mashine ya kupiga picha za mwili kwa sumaku) ya Tesla 3 kuanzia saa nne usiku, wagonjwa wakiisha. Nawalaza kwa sindano ya dawa mbili za usingizi, ketamini na zailazini. Kati ya panya sita, wawili wamefia ndani ya mashine. Picha za waliobaki zina mivuli, utadhani mtu ametikisa kamera. Nilipojaribu fMRI ya mapumziko (picha za mfululizo za kazi ya ubongo, panya akiwa ametulia tu), ishara ya ubongo mzima inapanda na kushuka kwa pamoja. Msimamizi wangu anashauri niongeze dozi ili watulie. Niongeze?

Jibu: Marahaba. Usiongeze.

Dozi ikizidi, panya hatulii zaidi ya hapo. Anaanza kupumua kwa kwikwi: kifua kinakaa kimya sekunde mbili tatu, halafu inakuja pumzi moja kubwa ya mwili mzima, na kila pumzi ya namna hiyo inavuta kichwa. Panya mwenye usingizi wa kiasi hupumua juujuu, mara 50 hadi 65 kwa dakika, kichwa kimetulia. Kwa hiyo mivuli yako huenda imetoka kwa panya aliyelala mno. Vifo viwili na ishara ya ubongo inayopanda na kushuka kwa pamoja navyo vinaelekea kwenye chanzo hichohicho. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye usingizi, joto na pumzi kabla sijagusa mashine.

Kwanza, simamisha kazi na uitaarifu kamati ya maadili ya wanyama iliyokupa kibali. Wawili kati ya sita ni theluthi nzima. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na hata isingekuwepo, data ya panya aliyekuwa anakaribia kufa haifai kuandikwa kwenye tasnifu. Mwombe daktari wa mifugo aje asimame nawe usiku mmoja. Usiku huo utajifunza mengi kuliko kwenye jibu hili.

Walikufa na nini

Hukuniambia ulivuta dawa kiasi gani, kwa hiyo anza kwa kusoma chupa. Zailazini ya maduka ya dawa za mifugo ipo ya 20 mg kwa mililita na ipo ya 100 mg kwa mililita. Chupa zinafanana, lebo zinafanana, tofauti ni mara tano. Panya wa gramu 250 anayehitaji 5 mg kwa kilo anapata 1.25 mg, yaani 0.06 ml ya chupa dhaifu. Ujazo huo ukiuvuta kutoka chupa kali, umempa 25 mg kwa kilo. Hata ukitumia chupa sahihi, 0.06 ml kwenye bomba la sindano la mililita moja ni kubahatisha. Izimue kwa maji chumvi ya 0.9% hadi ujazo unaosomeka. Ketamini ya 75 mg kwa kilo kwa panya huyo ni 18.75 mg, karibu 0.38 ml ya chupa ya 50 mg kwa mililita. Hapo hakuna shida ya kipimo, ila nayo ipo ya 100, kwa hiyo soma.

Mpime kila panya uzito siku hiyohiyo. Panya aliyepata degedege juzi hali vizuri na anapungua haraka, na uzito wa wiki iliyopita unamzidishia dawa.

Kosa la pili ni la kuongezea. Mchanganyiko huu humweka panya kwenye usingizi wa kufaa kupigwa picha kwa dakika 30 hadi 60 hivi. Uchunguzi ukichukua saa moja na nusu, utaongezea njiani, na wengi hurudia sindano nzima ileile. Zailazini hukaa mwilini na hushusha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, kwa hiyo ya pili inaipanda ya kwanza. Ukilazimika kuongezea, ongeza ketamini peke yake, theluthi hadi nusu ya dozi ya mwanzo. Zailazini usiirudie.

Kuna pia panya anayegoma kulala dakika kumi baada ya sindano. Mara nyingi dawa imeingia kwenye utumbo au kibofu. Kwa panya mkubwa chomea robo ya chini ya tumbo upande wake wa kulia, kwa sababu utumbo kipofu hukaa zaidi kushoto, kisha vuta kidogo kabla ya kusukuma. Ukivuta kitu cha kahawia au cha njano, toa na tupa. Akigoma, mrudishe kwenye tundu umalize naye kesho. Wanaochoma tena papo hapo huishia na dozi mbili zinazoingia kwenye damu kwa wakati mmoja.

Tatu ni baridi, na hapa Dar ndiyo inayodanganya kuliko zote. Ukumbini jasho linakutoka, panya mkononi ana joto, huna wasiwasi. Ndani ya chumba cha MRI kiyoyozi kipo kwenye nyuzi 20 hivi, na feni ya mashine inapuliza hewa kwenye tundu lake. Mwili mdogo una ngozi nyingi kwa uzito wake, na dawa imezima kutetemeka. Ndani ya nusu saa panya anaweza kupoteza nyuzi kadhaa. Ini likipoa linachelewa kuivunja dawa, kwa hiyo usingizi unazidi kuwa mzito ingawa hujaongeza kitu. Pumzi inapungua, hewa ukaa inajaa, moyo unasimama. Aliyeko nje ya kioo haoni kitu mpaka meza itoke.

Lengo ni nyuzi 37, na nusu nyuzi juu au chini inavumilika. Njia bora ni godoro la maji moto linalozunguka, pampu ikiwa nje ya chumba na mipira ikipita kwenye tundu la ukutani. Maji yatapoa njiani, kwa hiyo weka pampu juu kidogo ya unachotaka na upime kwenye godoro lenyewe. Kama huna, mifuko miwili ya dripu iliyopashwa hadi nyuzi 39 au 40, imefungwa taulo, mmoja kila ubavu, huokoa uchunguzi mfupi. Isizidi hapo. Zailazini na jamaa zake hubana mishipa ya ngozi, damu haiwahi kuondoa joto, na panya anaungua tumbo bila wewe kujua. Kipimo cha joto kiwe cha nyuzinyuzi za kioo, kiingie sentimita mbili tatu kwenye njia ya haja. Kipimajoto cha waya wa kawaida hakiingii kwenye mashine.

Pumzi nayo lazima ionekane. Kimto kidogo cha hewa chini ya kifua, mpira mrefu, na kipima shinikizo nje ya chumba vinatosha. Kile kidude cha kidoleni cha mashine ya hospitali kimetengenezwa kwa moyo wa mtu, na moyo wa panya wa mapigo 300 na zaidi unaweza kukipita. Usikitegemee.

Mambo madogo yanayosahaulika: panya akilala macho hubaki wazi, yapake mafuta ya macho yasikauke. Mchome maji chumvi vuguvugu chini ya ngozi, 5 hadi 10 ml kwa kilo, yaani mililita moja na robo hadi mbili na nusu kwa huyo wako. Usimnyime chakula usiku kucha kama mgonjwa wa upasuaji. Panya hawezi kutapika, na njaa itamshushia sukari bure.

Hamia kwenye dawa ya kuvuta

Ketamini ina tatizo jingine kwa utafiti wako, na hili lingenisumbua hata kama wangekuwa wazima wote. Inaziba milango ya NMDA (vipokezi vya ishara kwenye seli za ubongo), na ni milango hiyohiyo ambayo degedege la muda mrefu huipitia kuua seli. Hospitalini ketamini hutumika kuzima degedege sugu. Ukimpiga picha panya saa chache baada ya degedege huku ana ketamini, umempima panya aliyetibiwa. Kundi la kulinganisha likipata ketamini hiyohiyo bado hujapona, kwa sababu dawa inamgusa mwenye degedege kwa namna tofauti na asiye nalo. Picha za saa 24 hadi 48 baadaye, pale gamba la pirifomu na amigdala (sehemu mbili za ubongo) vinapong'aa kwenye T2 (aina ya picha ya MRI ambayo majimaji hung'aa), ziko salama zaidi, lakini si kama ulimpiga pia siku ya kwanza.

Isofluraini, dawa ya usingizi ya kuvuta, nayo hutuliza degedege. Ila inaingia na kutoka kwa mapafu, dakika chache baada ya kuifunga panya anaamka, na kina cha usingizi unakibadilisha kwa kugeuza kitufe. Kwa picha za umbo la ubongo ndiyo chaguo langu bila kusita. Anza kwa 4% kwenye boksi, kisha 1.5 hadi 2% kwenye kinyago cha pua, hewa ikipita nusu lita hadi lita moja kwa dakika. Pumzi zikishuka chini ya 40, punguza. Zikipita 70 na masharubu yanacheza, ongeza kidogo.

Lazima kiwepo kivukizi (kifaa cha kugeuza dawa kuwa mvuke) kilichopimwa. Najua mbinu ya pamba kwenye chupa ya kioo inapita kutoka mwanafunzi hadi mwanafunzi. Piga hesabu: kwenye nyuzi 20 mvuke wa isofluraini una shinikizo la 238 mmHg, yaani hewa ya chupa inaweza kufika 31% ya dawa. Kwenye nyuzi 30 za mchana wa Dar shinikizo ni kama 367, karibu 48%. Unayemtakia 4% umemwingiza kwenye mara kumi na mbili yake.

Usimwunganishe panya kwenye mipira ya mashine ya usingizi ya binadamu. Nafasi tupu ya mipira hiyo inazidi pumzi yake mara nyingi, atabaki anavuta hewa aliyoitoa. Mpira uwe mwembamba, wa kwenda tu, na hewa ya ziada ivutwe nje au ipite kwenye mkebe wa mkaa. Mkebe wa kawaida upime kwa mizani, ukiongezeka gramu 50 utupe. Wewe na mteknolojia wa radiolojia hamko pale kulala.

Kivukizi kina chuma, kinakaa nje. Mpira wa mita 6 wenye kipenyo cha ndani cha milimita 6 unabeba kama 0.17 L, na kwa mtiririko wa nusu lita kwa dakika kila ukigeuza kitufe mabadiliko yanamfikia panya baada ya sekunde 20. Subiri dakika mbili kabla ya kugeuza tena. Asiyejua hili hufukuzana na panya usiku kucha, mara kazama, mara kaamka.

Sasa oksijeni. Wengi hutumia oksijeni tupu kwa sababu ndiyo iliyopo hospitalini. Kwa picha za umbo inaruhusiwa, lakini jua inachoficha: panya anayepumua hafifu atabaki na kipimo cha oksijeni cha 99% huku hewa ukaa imejaa kwenye damu. Kwa fMRI inaharibu zaidi, kwa sababu ishara yenyewe inatokana na hemoglobini isiyo na oksijeni. Changanya 0.9 L ya hewa na 0.1 L ya oksijeni kwa dakika, utapata kama 29%.

Na mtungi wa chuma hauvuki mlango ule. Mwaka 2001 huko New York mtoto wa miaka 6 aliuawa ndani ya MRI na mtungi wa oksijeni ulioruka. Kwetu kuna la kuongeza: umeme ukikatika, sumaku haizimi. Kiyoyozi kitazima, taa zitazima, mtu atakimbilia ndani na mtungi kumwokoa panya. Kubalianeni mapema nani anafanya nini gizani, na tochi iwe ya plastiki, ijaribiwe kwa sumaku kabla.

Jambo la aina hiyohiyo: panya wako wana vipini vya namba masikioni? Vya chuma vinaharibu nusu ya kichwa kwenye picha, na vinaweza kung'oka. Viondoe, tumia wino wa mkiani au alama za sikio.

Kuipata picha kwenye mashine ya watu

Ubongo wa panya mkubwa una gramu 2 hivi, wa mtu 1,300 hadi 1,400. Koili (antena ya kunasa ishara) ya kichwa iache. Tumia ya kifundo cha mkono, au ndogo ya juu ya ngozi kama ipo, na kichwa cha panya kikae katikati yake kabisa.

Kitanda kitengeneze kwa nusu ya bomba la PVC la inchi mbili na nusu, la duka lolote la vifaa eneo la Gerezani. Pima kwanza kama linaingia kwenye koili pamoja na mipira. Panya alale kifudifudi, meno ya juu yakishikwa na kijiti cha plastiki chenye tundu, kinyago kikizunguka pua, na vishikio viwili vya nailoni masikioni. Bila kushika meno, taya litacheza kwa kila pumzi, hata ukimfunga plasta kichwa kizima. Jaribu kila kipande kwa sumaku ya spika kuukuu kabla ya kuingia. Plastiki nyeusi na gundi nyingine zina unga wa chuma.

Mashine itakataa kuanza. Imezoea mwili wa kilo 70, na robo kilo haiipi mzigo wa kutosha kurekebisha mawimbi yake. Weka mfuko mmoja au miwili ya dripu ya mililita 500 ndani ya tundu la mashine, mbali kidogo na kichwa ili isijitokeze kwenye picha. Uzito uandike mdogo kabisa unaokubalika na programu, kwa sababu kikomo cha joto la mawimbi kinahesabiwa kutoka hapo.

Majina ya mikato nayo hupoteza watu. Panya akilala kifudifudi kichwa mbele, mkato ambao mashine inauita wa mlalo (axial) ni ule ambao atlasi ya panya inauita wa mbele (coronal). Kushoto na kulia vinaweza kugeuka. Bandika kidonge cha mafuta ya samaki upande wa kushoto wa kichwa, kitang'aa kwenye picha, na ubishi utaisha.

Kwa T2 anza hivi: TR (muda kati ya misisimko) 4000 ms, TE (muda wa kungoja mwangwi wa ishara) ya 80 ms hivi, eneo la milimita 50 kwa 50, matriki 192 kwa 192, unene milimita 1, mwangwi 8 kwa kila msisimko, wastani wa mara 6. Pikseli inatoka 0.26 mm. Muda ni misisimko 24 mara sekunde 4 mara 6, yaani dakika 9 na sekunde 36. Usishawishike kushuka hadi 0.15 mm kwa sababu skrini inaruhusu. Kelele itameza kila kitu.

Mivuli iliyobaki isome. Ikijirudia kwa nafasi sawa kuelekea upande mmoja, ni pumzi: geuza mwelekeo wa fezi (upande ambao mivuli ya mwendo hutawanyikia), ufanye kifua kisiwe mstari mmoja na ubongo. Michirizi ya ghafla kwenye mkato mmoja tu ina maana panya amejitikisa, usingizi ni mwepesi. Kingo zote zikiwa na ukungu laini, kitanda kinateleza kwa mtetemo wa mashine. Kiwekee sponji.

Kuhusu fMRI ya mapumziko

Hapa nitakukatisha tamaa kidogo. Vokseli (kipande kimoja cha picha chenye ujazo) ya kawaida ya mtu ni milimita 3 kila upande, ujazo milimita 27 za ujazo. Ya panya kwenye mashine hiyo, 0.5 kwa 0.5 kwa 1, ni 0.25. Umepoteza mara 108, na koili ya karibu inarudisha sehemu tu. Juu ya hapo, gradienti (nguvu za sumaku zinazotambulisha mahali kwenye picha) za mashine ya hospitali ni 40 hadi 80 mT kwa mita, za mashine za panya huwa mia kadhaa. Mwangwi unakaa mbali mbali, na hewa ya masikio ya panya inapindisha picha ya EPI (upigaji wa haraka unaotumika kwa fMRI) mpaka gamba la pembeni linahama. Kwa shahada ya uzamili ningeishia kwenye T2, pengine na picha za mtawanyiko wa maji (mwendo wa maji ndani ya tishu), nikaviandika vizuri.

Lakini ulisema ishara ya ubongo wote inapanda na kushuka pamoja, na sababu zake ni tatu zinazofanana sana kwa macho. Ya kwanza ni kina cha usingizi. Kwenye usingizi mzito, kwa isofluraini ni karibu 2% kwenda juu kwa panya wengi, gamba la ubongo hunyamaza, hulipuka kwa pamoja, hunyamaza tena. Kompyuta inaona maeneo yote yanakwenda sambamba na kukupa ramani nzuri ya mtandao usiokuwepo. Ya pili ni hewa ukaa. Kiwango chake cha kawaida kwenye damu ni 35 hadi 45 mmHg. Panya anayejipumulia akiwa amezama hupita hapo, mishipa inapanuka yote, na kila pumzi isiyo sawa inaacha wimbi la ubongo mzima. Mishipa iliyokwisha kupanuka haina pa kupanukia tena, kwa hiyo ishara halisi ya seli inafifia. Ya tatu ni kichwa kusogea, ambayo tumeshaimaliza.

Ukitaka kuendelea nayo hata hivyo, maabara nyingi sasa hutumia medetomidini (dawa ya jamii ya zailazini) pamoja na isofluraini kidogo sana. Dozi inayotumika kwa panya wakubwa ni 0.05 mg kwa kilo chini ya ngozi, kisha 0.1 mg kwa kilo kwa saa, isofluraini ikishushwa hadi 0.4 au 0.5%. Kwa panya wako, dawa ya 1 mg kwa mililita ikizimuliwa mara kumi, dozi ya kwanza ni 0.125 ml na mwendo ni 0.25 ml kwa saa. Pampu inakaa nje, na hapa kuna mtego: mpira wa mita 6 wenye kipenyo cha ndani cha milimita 1 unashika 4.7 ml. Ukiujaza maji chumvi halafu ukaunganisha dawa, dawa itamfikia baada ya saa 19. Ujaze dawa mpaka ncha kabla ya kuchoma. Anza fMRI dakika 40 au zaidi baada ya dozi ya kwanza, isofluraini ya mwanzo ikishaisha mwilini. Muda huo piga T2. Moyo utapungua sana, sukari itapanda, atakojoa mno, mwekee pedi. Ikiisha, atipamezoli, dawa ya kuipinga medetomidini, ya 0.25 hadi 1 mg kwa kilo humwamsha.

Tahadhari moja inakuhusu wewe hasa. Medetomidini imeripotiwa kuchochea mawimbi ya kifafa kwa baadhi ya panya, na isofluraini hiyo ndogo ndiyo inayoyazuia. Kwa panya ambaye tayari ana degedege, usiitumie bila kupima umeme wa ubongo nje ya mashine kwanza.

Kabla ya panya hai yeyote kurudi mle, pitisha itifaki nzima mara mbili: mara moja kwa agari ya 2% kwenye bomba la sindano la 20 ml, mara moja kwa panya aliyekwisha kufa kwa sababu nyingine. Kwenye agari gawanya wastani wa ishara kwa mkengeuko wake sanifu (kiasi inachoyumba) katika picha 100 za fMRI. Ikiwa chini ya 20, mimi ningefunga fMRI hapohapo. Panya mfu akikuonyesha mitandao ya ubongo, programu yako ya uchambuzi inakudanganya, na hata kuhusu wale wanne walio hai haikukuambia kweli.

Kuhusu usafiri: wahamishe alfajiri au usiku, tundu likifunikwa kitambaa chenye kupitisha hewa, ndani ya gari na si kwenye buti. Panya hatoi jasho, na foleni ya saa nane mchana peke yake inaweza kumwangusha. Wakifika, wakae kimya angalau saa moja kabla ya dawa. Baada ya picha, kila mmoja abaki kwenye tundu lake peke yake, juu ya joto, mpaka atembee mwenyewe. Ukimrudisha kwa wenzake akiwa bado mlevi watamng'ata.

Na kabla ya kuondoka, plastiki yote iliyogusa panya ivuliwe na kufungwa, kisha koili na meza vifutwe kwa dawa ya kuua vijidudu ambayo hospitali yenyewe imeiidhinisha, maana klorini kali huharibu koili. Fanya mwenyewe, usimwachie mhudumu wa zamu, kwa sababu mkojo na manyoya ya panya huamsha pumu, na saa kumi na mbili asubuhi mgonjwa wa kwanza atalala palepale.